Ghafi au halisi: namba ipi uitazame unapochagua kazi, biashara, karafuu au mkopo

Mwajiri mmoja anakwambia mshahara ni 800,000. Mwengine anakwambia atakupa 650,000. Mtu mwenye haraka atamkimbilia wa kwanza, na pengine atakuwa amechagua vibaya, kwa sababu hakuuliza kila namba imesemwa kabla au baada ya makato.

Ghafi ni jumla nzima, kabla hakijatolewa kitu. Halisi ni kinachobaki baada ya kutoa. Hilo wengi wanalijua. Kinachowapotosha watu ni kwamba baina ya ghafi na halisi kuna ngazi yenye vidato vingi, na kila mtu husema "halisi" akiwa amesimama kidato chake. Mhasibu wa hoteli akisema halisi anakusudia baada ya kodi na hifadhi ya jamii. Mama mwenye nyumba akisema halisi anakusudia baada ya nauli na chakula cha mchana. Wote wawili wamesema kweli, lakini namba zao ukiziweka ubavu kwa ubavu hazikufundishi chochote. Kwa hiyo swali la kuuliza siku zote ni hili: halisi baada ya kutoa nini?

Hapa chini nimechukua mambo manne yanayotukuta sisi wa Unguja na Pemba. Bei, mishahara na gharama nilizotumia ni za mfano. Toa zangu, weka zako, hesabu itakwenda vilevile.

Kazi mbili: hoteli ya Nungwi na ofisi ya mjini

Tuchukue binti anayekaa Mwanakwerekwe, ana barua mbili mkononi. Hoteli ya Nungwi imemwandikia 800,000 ghafi. Ofisi ya mjini imemwambia 650,000 "mkononi".

Tuanze na hoteli. Mchango wake wa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, tukiupigia asilimia 7, ni 56,000. Zinabaki 744,000, na kodi ya mapato, ile PAYE inayokatwa kwenye mshahara na kwenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), hupigwa kwenye hizo 744,000, siyo kwenye 800,000, kwa kuwa mchango wa hifadhi ya jamii hutangulia. Tuseme kodi ikaja 64,000. Mkononi anapokea 680,000. Ile tofauti ya 150,000 iliyomng'arisha macho imeshakuwa 30,000.

Sasa nauli. Mwanakwerekwe hadi Nungwi kwenda na kurudi, tuseme 6,000 kwa siku, siku 26 za kazi: 156,000. Anabakiwa na 524,000. Kwenda ofisini mjini ni 1,500 kwa siku, yaani 39,000 kwa mwezi, na zinabaki 611,000. Ofisi imeshinda kwa 87,000 kila mwezi, na kila siku inamrudisha nyumbani kabla ya magharibi.

Lakini kuna hoteli zenye gari ya wafanyakazi. Ikiwa hii inayo, nauli inafutika, hoteli inarudi kwenye 680,000, na ndiyo inayoshinda kwa 69,000. Ikiwa inatoa na chakula cha mchana, inazidi tena. Tazama basi: suala la gari ya wafanyakazi lina uzito kuliko kodi na mchango vikiwekwa pamoja, na kwenye barua ya ajira halikuandikwa kabisa. Bakshishi za wageni mimi nisingeziingiza kwenye hesabu ya kuchagua. Zikija ni kheri, lakini msimu wa mvua za masika hoteli nyingi hubaki na vyumba vitupu.

Mpaka hapa ningesema chagua kwa namba ya mkononi baada ya nauli. Ila lipo jambo ambalo namba ya mkononi hulificha na ghafi hulifichua, nalo ni kubwa. Ofisi inaposema "650,000 mkononi", je, juu yake imeshamlipia ZSSF na kodi, au inampa tu fedha taslimu na hakuna kinachokwenda popote? Kwa macho ya mwisho wa mwezi mambo haya mawili yanafanana. Kwa macho ya miaka ishirini mbele hayafanani hata kidogo. Mwenye kuchangiwa ana pensheni inayojengeka, na mwajiri anaongeza mchango wake ambao ni mkubwa kuliko ule wa mfanyakazi mwenyewe. Asiyechangiwa hana kitu, na siku ya kujifungua au kustaafu ndiyo anatambua. Nimeona watu wazima, wachapakazi, wametumikia mlango mmoja ujana wao wote na hakuna hata mwezi mmoja uliosajiliwa kwa jina lao. Linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu lilikuwa ni la kuulizwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo binti yetu aiombe ofisi iandike mshahara ghafi ni kiasi gani na makato ni yapi. Wakikataa kuandika, hilo lenyewe ni jibu. Aulize pia katika hiyo ghafi kuna mshahara wa msingi kiasi gani na posho kiasi gani, maana posho ndizo za mwanzo kukatwa mambo yakiwa magumu.

Duka la rejareja na meza ya urojo

Kwenye biashara vidato vya kutazama ni vitatu: mauzo, faida ghafi, faida halisi. Mauzo ni kila shilingi iliyoingia. Toa gharama ya mali uliyouza, unapata faida ghafi. Toa na gharama za kuendesha, yaani kodi ya pango la duka, umeme, msaidizi, gesi, usafiri, unapata faida halisi.

Duka la mchele, unga, sukari na mafuta linauza 400,000 kwa siku. Mali yenyewe ilinunuliwa kwa 360,000, kwa hiyo faida ghafi ni 40,000. Kodi ya duka, umeme wa friji na kijana wa kusaidia ni 18,000 kwa siku. Halisi: 22,000.

Mama wa urojo anauza 120,000 kwa siku. Unga, ndimu, viazi, nazi ya chatini, dengu za bajia na nyama ya mishikaki vimemgharimu 66,000. Faida ghafi 54,000. Gesi, msaidizi, malipo ya sehemu na vyombo vya kubebea ni 26,000. Halisi: 28,000.

Mwenye duka anashika fedha zaidi ya mara tatu ya mama wa urojo, na bado anakwenda nyumbani na kidogo kuliko yeye. Majirani wakitaja tajiri wa mtaa watamtaja mwenye duka. Na siyo majirani tu. Watoza kodi nao, wakiwapanga wafanyabiashara, hutazama mauzo ya mwaka kabla ya faida. Duka hilo likifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka mauzo ni 124,800,000. Urojo ni 37,440,000. Mbele ya watoza kodi mwenye duka ni mkubwa zaidi, japo anachokula ni kidogo zaidi. Ndiyo maana wa biashara ya faida nyembamba anahitaji daftari na risiti kuliko mtu yeyote: bila ya kuonesha gharama zake, atahukumiwa kwa ghafi.

Sikusudii kusema watu wafunge maduka wakauze urojo. Mchele usiouzwa leo utauzwa kesho, na urojo uliobaki usiku unamwagwa. Na ile 28,000 ya mama ndani yake umo ujira wake mwenyewe wa kusimama kutwa na kuanza kupika tangu asubuhi, ilhali duka anaweza kukaa mtoto akitoka skuli. Kabla ya kulinganisha biashara mbili, mlipe kwanza mwenyewe ujira katika zote mbili, halafu utazame kilichobaki. Mara nyingi hapo ndipo utakapogundua kwamba biashara moja ina faida na nyengine ni ajira tu uliyojipa.

Kwenye bei za wauzaji wa jumla kuna neno dogo la kuangalia, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango chake cha kawaida Zanzibar ni asilimia 15. Muuzaji mmoja anakupa bei ya 1,000,000 bila ya VAT, mwengine 1,100,000 VAT imo. Wa kwanza, ukimwongezea VAT, ni 1,150,000, kwa hiyo ndiye ghali. Na ukitaka kujua VAT iliyomo ndani ya 1,100,000, usitoe asilimia 15 ya namba hiyo. Gawa kwa 1.15, unapata 956,522, tofauti yake ndiyo VAT. Ikiwa wewe ndiye unayekusanya VAT kwa wateja, fedha hiyo ni ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) iliyolala kwako siku chache. Usiihesabu kwenye mauzo yako, wala usinunulie mali.

Karafuu: kuchuma mwenyewe au kukodisha

Hapa ndipo namba ghafi inapowatia watu hasara kubwa zaidi, kwa sababu ghafi ya karafuu ni nzuri sana kuisikia. ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar la tangu 1968 linalonunua karafuu, linatangaza bei ya kilo, mtu anapiga kilo zake mara bei, na kichwani ameshajenga nyumba.

Kwanza uzito. Karafuu mbichi hupoteza kiasi cha theluthi mbili ya uzito wake juani. Kilo 900 zilizoshuka mtini zitafika kituoni zikiwa kama 300. Bei iliyotangazwa ni ya kilo kavu, tena isiyo na makonyo (vile vijiti vinavyoshika karafuu) wala taka, na gunia lenyewe halinunuliwi. (Mwani ni mkali zaidi: mama wa Paje au Jambiani hutoa baharini kilo saba au zaidi za mwani mbichi ili apate kilo moja kavu.) Kwa hiyo mtu akikwambia "shamba lile limetoa tani moja", muulize mbichi au kavu kabla hujamwonea wivu.

Sasa chaguo lenyewe. Mzee ana mikarafuu yake karibu na Wete, imebeba vizuri. Anakuja mtu kumwambia: "Ami, chukua milioni mbili leo, taslimu. Kuchuma, jua na mvua niachie mimi." Mzee anatarajia kilo 300 kavu, na tuseme daraja la kwanza ni 15,000 kwa kilo. Anajibu kwa hasira kwamba shamba lake lina milioni nne na nusu, hadanganyiki. Tupige hesabu.

| | Achume mwenyewe | Akodishe |
|---|---|---|
| Mapato ghafi (kilo 300 × 15,000) | 4,500,000 | 2,000,000 |
| Wachumaji, kwa pishi (kipimo cha ujazo) | 1,500,000 | – |
| Kuchambua makonyo | 300,000 | – |
| Kuanika na ulinzi | 200,000 | – |
| Magunia na usafiri | 100,000 | – |
| Kusafisha shamba | 200,000 | – |
| Kinachobaki | 2,200,000 | 2,000,000 |

Milioni nne na nusu haikuwa ya kulinganishwa na milioni mbili. Ya kulinganishwa ni milioni mbili na laki mbili. Faida ya kuchuma mwenyewe ni 200,000 tu, pamoja na vijisenti vya makonyo ambayo ZSTC hununua kwa ajili ya kukamulia mafuta kiwandani Wawi, Pemba. Laki mbili hiyo ndiyo malipo yake ya kubeba wasiwasi wa msimu mzima.

Na wasiwasi upo. Karafuu ziko kwenye majamvi, mvua inashuka siku tatu mfululizo. Zimelala na unyevu, rangi imeharibika, kituoni zinapimwa daraja la chini, tuseme 12,000. Ghafi sasa ni 3,600,000, imeshuka kwa moja ya tano. Gharama hazikushuka hata shilingi. Wachumaji walishalipwa pishi zao kabla mvua haijaja. Kinachobaki ni 1,300,000. Ghafi imepungua kwa asilimia 20, halisi imepungua kwa asilimia 41. Bei ikipanda mpaka 18,000, mambo hugeuka kwa kiasi kilekile: ghafi 5,400,000, halisi 3,100,000, ongezeko la asilimia 41.

Hili ningependa kila mwenye shamba alishike vizuri. Gharama zikiwa zimesimama palepale, badiliko dogo kwenye ghafi huwa kubwa kwenye halisi, na kadiri halisi ilivyo nyembamba ndivyo inavyotikisika zaidi. Anayepanga harusi ya mwanawe au kuezeka nyumba kwa kutazama bei ya kilo anaipanga kwa namba isiyo yake.

Ushauri wangu kwa mzee: ikiwa wachumaji ni vijana wa nyumbani, ana sakafu na majamvi ya kutosha na mtu wa kulala na karafuu usiku, achume. Sehemu kubwa ya ile 1,500,000 itabaki katika ukoo. Lakini asiwatoe watoto skuli kwa ajili hiyo, kwani siku za masomo zilizopotea hazionekani kwenye safu yoyote ya hesabu hii na thamani yake inazidi pishi kadhaa. Ikiwa kuwalipa wachumaji itabidi akope, basi akodishe, na kabla ya kukubali amwombe mkodi aongeze kidogo juu ya milioni mbili. Ameshajua sasa kwamba hata mkodi hana milioni nne na nusu mle ndani.

Ipo njia ya tatu ambayo watu huiingia kwa mdomo tu: "Nusu kwa nusu." Mzee anatoa mikarafuu, mshirika anashughulikia kazi zote. Nusu ya nini? Ikiwa ni nusu ya ghafi na gharama zote ni za mshirika, mzee anapata 2,250,000, na mshirika anapata 2,250,000 ambayo ndani yake ametumia 2,300,000. Amefanya kazi msimu mzima na amepoteza 50,000. Ikiwa ni nusu ya halisi, kila mmoja ana 1,100,000. Kwa maneno yaleyale mawili mzee ana milioni mbili na robo au milioni moja na laki moja. Hapa ndipo ndugu hukosana mpaka kwa sheha, na kila mmoja anaapa kwamba amedhulumiwa, na kila mmoja ana haki kwa jinsi alivyofahamu. Wavuvi wetu walishalimaliza zamani suala hili: mafuta, barafu na chambo hutolewa kwanza, ndipo mgao wa chombo na mabaharia unapopigwa. Kila mtu anayeingia chomboni anajua. Washirika wa karafuu wanahitaji kulisema hilo kabla ya pishi ya kwanza kuchumwa, na kuliandika.

Mikopo miwili ya milioni tatu

Kwenye mkopo namba ghafi ni ile iliyoandikwa kwenye fomu. Halisi ni ile iliyoingia kwenye akaunti yako.

Mkopeshaji wa kwanza anatoa 3,000,000 na marejesho ni 300,000 kwa miezi 12. Ila anakata ada ya maombi na bima, jumla 90,000, hapohapo mwanzo. Uliyopokea ni 2,910,000, utakayorudisha ni 3,600,000. Mkopo umekugharimu 690,000. Wa pili anatoa 3,000,000 kamili bila ya makato, marejesho 305,000 kwa miezi 12, jumla 3,660,000. Umekugharimu 660,000. Mwenye rejesho dogo ndiye ghali, na ukikopa kwa ajili ya kununua kitu cha milioni tatu kamili, mkopo wake hautoshi hata kukinunua.

Wanaokwenda kwenye huduma za Kiislamu za benki, ambako benki hununua bidhaa na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa mapema, wana nafuu moja katika hili: bei ya mwisho inajulikana tangu siku ya kusaini. Lakini ada za maombi, uthamini na nyaraka huko nako zinaweza kuwepo, na hizo huwa hazimo katika bei hiyo. Ziulize, uziongeze mwenyewe.

Na usipime uwezo wa kulipa kwa mshahara ghafi wala kwa mauzo. Yule binti wa Mwanakwerekwe akichagua ofisi, rejesho la 300,000 halitoki kwenye 650,000. Linatoka kwenye 611,000 baada ya nauli, kabla hajanunua chakula wala kumsaidia mama yake. Mama wa urojo anayepata 28,000 kwa siku ana 728,000 kwa mwezi wa siku 26 ikiwa hakuugua na mvua haikumfukuza hata siku moja. Akope kwa kufikiria mwezi wake mbaya. Na kabla ya kusaini, atake karatasi inayoonesha mambo matatu: kitakachoingia mkononi, jumla itakayorudi, na tarehe ya kila rejesho.